Hodi ya Tatu

"Nimesikiliza kaka. Iko poa."

Maneno manne. Basi.

Mimi nilikuwa nimemtumia mdogo wangu jumbe 11. Tatu kati ya hizo zilikuwa za sauti, na mmoja wa hizo tatu ulikuwa mrefu kuliko wimbo wa kwanza wa albamu niliyokuwa naisifia. Nilimwambia avae hedifoni. Nilimwambia asubiri usiku, azime taa, asiruke wimbo hata mmoja, asishike simu mpaka iishe. Nilimweleza ni akina nani walioitengeneza, walikuwa na umri gani na yaliyowapata baadaye. Kwa ufupi nilimfanyia kila kitu isipokuwa kumsikilizia.

Tiki zikageuka buluu siku ileile. Jibu likaja siku ya tano.

"Iko poa" ni jibu unalompa kinyozi anapokushikia kioo uone kisogo chako. Humaanishi chochote. Unataka tu kuinuka kitini.

Nikamrudishia kidole gumba, nikaweka simu kifudifudi, kisha nikajikuta nimekasirika. Tena si kidogo. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa, kwa jambo ambalo hata kulisimulia ni aibu: mtu mzima na akili zake amenuna kwa sababu ya albamu ya rock ya 1991, ya bendi iliyovunjika kabla santuri zake hazijafika madukani.

Huu ni mwezi wa pili na jambo hili bado linanitafuna. Watu kibao nimewahi kuwapa albamu hii wasiipende, na sikulala njaa. Kwa nini yeye?

## Dakika 39

Albamu inaitwa Spiderland. Bendi ni Slint, vijana wanne wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Nyimbo 6, dakika 39 na ushei. Waliirekodi Agosti 1990 mjini Chicago, kwa siku chache tu, fundi mitambo akiwa Brian Paulson, na ikatoka Machi mwaka uliofuata chini ya Touch and Go, lebo huru ya hukohuko Chicago.

Ukija ukitarajia makelele utangoja sana. Magitaa yanaanza polepole; moja linauliza, la pili linajifanya halijasikia. Dramu zinaingia kwa hesabu ambayo mguu wako hauwezi kuifuata, na ukidhani umeinasa imeshakuponyoka. Juu ya hayo yote, mara nyingi haimbi mtu. Kuna mtu anasimulia. Anasimulia kwa sauti ya chini, kama anayezungumza chumba cha pili akidhani umelala. Unaongeza sauti ili umpate vizuri, na hapohapo magitaa yanakulipukia masikioni.

Hilo ndilo lililoniteka tangu siku ya kwanza. Inakuita karibu, kisha inakuadhibu kwa kusogea.

Simulizi zenyewe ni za kuchanganya. Kijana anaingia kwenye hema la mpiga ramli, na badala ya kutabiriwa anamchukua mpiga ramli mwenyewe waende kupanda vigari vya reli, vile vinavyopanda juu na kuporomoka hadi moyo unabaki nyuma. Mtu yuko kwenye sherehe iliyojaa watu na hana wa kuzungumza naye. Wimbo wa mwisho ndio mzigo mzima. Nahodha, chombo kimevunjika, dhoruba imewachukua wenzake wote. Anajikokota mpaka mlangoni mwa nyumba moja, anaomba afunguliwe, anasema kuna baridi. Dirishani anatokea mtoto. Mtoto anamtazama. Kisha anashusha pazia.

Kinachofuata siwezi kukieleza kwa haki. Sauti ile iliyokuwa ikinong'ona karibu albamu nzima inaanza kupiga mayowe, inamlilia mtu kwamba inamkumbuka, inalia mpaka inachanika, halafu kimya.

Inasimuliwa kwamba Brian McMahan, mwenye sauti ile, alipomaliza kurekodi mayowe yale alitapika. Mdogo wangu sikumficha hilo. Lilikuwa kwenye ujumbe wa sauti wa pili.

## Anwani kwenye jalada

Jalada la mbele halina jina la bendi wala la albamu. Ni picha isiyo ya rangi: vichwa vinne vya vijana vikielea juu ya maji. Aliyeipiga ni rafiki yao Will Oldham, ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa nyimbo zake mwenyewe, na maji yale ni ya machimbo ya mawe kule Utica, Indiana, ng'ambo tu ya mto Ohio ukitokea Louisville. Ukiitazama haraka unaona vijana wanaogelea. Ukiitazama baada ya wimbo wa mwisho unahesabu vichwa mara ya pili.

Kuna maandishi mawili madogo ambayo wapenzi wa albamu hii huyasimuliana. La kwanza liliwekwa kwenye toleo la CD, nalo linasema kazi hii imekusudiwa kusikilizwa kwenye santuri. (Mimi niliisikia mara ya kwanza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Samahani, wakubwa.) La pili linawaalika waimbaji wa kike wanaopenda kujiunga wawaandikie, na anwani ya Louisville imewekwa.

Hilo la pili limenikaa rohoni miaka mingi.

Kwa sababu bendi haikuwepo. Slint walivunjika mwishoni mwa 1990, miezi kabla ya albamu kutoka. McMahan aliondoka, alikuwa mgonjwa, na madaktari walimkuta na sonona. Kwa hiyo wakati msikilizaji wa kwanza anageuza jalada na kusoma mwaliko ule, walioutoa walikuwa wameshatawanyika. Walipiga hodi kwa herufi ndogo nyuma ya albamu, hodi ikachapishwa, ikapakiwa, ikasafiri, na wapigaji wameshaondoka mlangoni.

Aliyeitikia mapema, tena kwa sauti, alikuwa Steve Albini, kwenye gazeti la muziki la Uingereza, Melody Maker. Aliipa nyota kumi, zote, na akawaambia wasomaji kwamba baada ya miaka kumi watu watakuwa wanagombania nakala, heri wajitangulize. Ningependa kuwaambia alikuwa mpita njia asiyewajua. Hakuwa. Albini, huyuhuyu aliyekuja kuirekodi In Utero ya Nirvana na ambaye alifariki 2024, ndiye aliyeirekodi albamu yao ya kwanza, Tweez. Aliwajua. Lakini nikisoma yale aliyoandika, sioni mtu anayemsaidia rafiki kuuza. Naona mtu anayesimama barabarani na kupunga mikono.

Namfahamu mtu huyo. Nimemwona kwenye kioo.

Yaliyobaki yalikwenda kwa miguu. Kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti, mpiga gitaa akamwambia mpiga gitaa. Wimbo wa nahodha ukaingia kwenye albamu ya muziki wa filamu ya Kids mwaka 1995. Huko Scotland vijana wa bendi ya Mogwai wakakua nayo. Mwaka 2005 Slint wakarudi jukwaani, 2007 wakaipiga albamu yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na 2014 Lance Bangs akatoa filamu juu yao. Hodi ya 1991 iliitikiwa, ila kwa kuchelewa kiasi kwamba wapigaji walikuwa wameota mvi.

## Niliyoyaongeza mimi

Nilipokuwa bado nimenuna nikaitazama tena ile filamu ya Bangs. Nadhani nilitaka kujithibitishia kwamba niko sahihi.

Unajua zile habari zinazozunguka kuhusu albamu hii? Kwamba iliwatia wazimu walioirekodi. Kwamba walipita hospitali za akili mmoja baada ya mwingine. Nimezisikia, nimezisambaza, na mdogo wangu nilimpa nikiwa nimezikolezea. Sasa kwenye filamu unaona nini? Unaona vijana wanaofanya mazoezi kwenye chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wa mpiga dramu, Britt Walford. Wazazi wenyewe wavumilivu kupita kiasi. Unaona watu wa utani, wapumbavu wa kupendeza, wanaorudia kipande kimoja cha gitaa mpaka kikae sawa.

Ugonjwa wa McMahan ulikuwa kweli. Lakini ile nyumba ya mizimu tuliijenga sisi wasikilizaji, tofali kwa tofali.

Na tuliijenga kwa sababu wenyewe hawakuwepo kutukataza. Hapo ndipo niliposimamisha filamu nikaanza kuhesabu. Albamu ngapi za namna hii, zilizopendwa taratibu na watu wachache mpaka wakawa wengi, zina mwenyewe aliyetoweka?

American Football: vijana watatu wa chuo kikuu huko Illinois, albamu moja mwaka 1999, wakamaliza masomo, wakaachana. Jalada lina picha ya nyumba ya kawaida kabisa mjini Urbana, dirisha la juu lina mwanga. Miaka ikapita, bendi haipo, na watu wakaanza kuhiji kwenye nyumba ile, wanapiga picha barabarani mbele ya dirisha la mtu asiyewahusu. Bendi ilirudi 2014. Mwaka 2023 bendi yenyewe, lebo yake ya Polyvinyl na wenzao wengine wakainunua ile nyumba isije ikabomolewa. Nasoma habari kama hiyo, nusu nacheka, nusu nataka nauli.

Neutral Milk Hotel: albamu yao ya 1998, In the Aeroplane Over the Sea, ilipoanza kupendwa kwelikweli, kiongozi wao Jeff Mangum alikuwa ameshajiondoa. Kadiri alivyonyamaza ndivyo walivyompenda. Aliporudi na bendi yake 2013 aliwaomba watu wasimpige picha wala kumrekodi. Kwa muda mrefu niliona ni maringo. Siku hizi nafikiri alikuwa anaomba jambo dogo sana: kwamba wamtazame yeye, si yule waliyemtengeneza wakati hayupo.

Msanii aliyepo anakuambia wimbo unahusu nini, anakutangazia viatu, anagombana na watu mtandaoni. Aliyenyamaza anakuachia chumba kitupu, na hakuna mtu asiyejua la kufanya na chumba kitupu. Unahamia.

Basi mdogo wangu nilimtumia nini? Nilimtumia dakika 39 za muziki, na juu yake saa nzima ya samani zangu. Alipowasha, alikuwa anatafuta mizimu niliyomwahidi. Akakuta magitaa mawili na mtu anayenong'ona. Iko poa. Mimi mwenyewe, kwa maelezo yale, labda ningejibu hivyohivyo.

## Mlinzi wa geti

Kuna kitu kingine na sikitaki, lakini nimeshaanza.

Miaka michache iliyopita mtu niliyefanya naye kazi aliona jalada lile kwenye simu yangu akasema, "Aa, Slint." Mtu wa kwanza kukutana naye uso kwa uso anayeijua. Mngedhani nilimkumbatia. Nilimhoji. Nikamuuliza wimbo upi anaupenda. Akataja. Nikamuuliza kama amewahi kuisikiliza Tweez. Amewahi. Nikamuuliza alianza lini, na nilipogundua alianza kabla yangu, nikabadilisha mazungumzo.

Bado najisikia vibaya. Miaka yote nalia kwamba hakuna anayeijua, amepatikana mmoja, nimemgeuka kama mlinzi anayedai kitambulisho.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba shauku ya wasikilizaji wa muziki usiojulikana ni upendo mtupu. Ndani yake kuna uchoyo. Unataka dunia nzima iisikie, na unataka ibaki yako. Unataka kuwa Albini, wa kwanza kupunga mikono, na si yule wa elfu mbili anayesema naam, nilishaiona.

Lakini uchoyo hauelezi hasira yangu kwa mdogo wangu. Kwake sikuwa mlinzi. Kwake nilifungua geti, nikatandika zulia, nikasimama nje namngoja.

## Nilipopandisha juu

Jibu nililipata kwa bahati mbaya, na halikuwa na uhusiano na muziki.

Nilikuwa natafuta ule ujumbe wa sauti mrefu ili nijisikilize nilivyokuwa nabwabwaja. Nikapandisha mazungumzo yetu juu. Jumbe zangu 11, moja baada ya nyingine, ukuta mzima. Nikapandisha zaidi kidogo, nikitegemea kuona tulichokuwa tunazungumza kabla ya hapo.

Kabla ya hapo ilikuwa miezi minne nyuma. "Heri ya kuzaliwa mdogo wangu." Naye: "Ahsante kaka." Kabla ya hapo, miezi mitatu nyuma tena, picha ya risiti ya ada.

Nikasoma zile 11 upya. Hakuna hata moja iliyouliza, hujambo? Uko wapi siku hizi? Unalala vizuri? Nilimuuliza kama ana hedifoni.

Niliondoka nyumbani yeye akiwa na miaka 9. Si kwa ugomvi, nilikwenda kutafuta maisha kama watu wote, na nilisema nitakuwa narudi. Nilirudi mara chache kuliko nilivyosema. Alikua huku mimi nikiwa mtu wa kwenye simu, kaka wa kutuma hela na kuonekana kwenye harusi za watu.

Wenye adabu zao hupiga hodi mara tatu. Wasipoitikiwa huondoka bila kinyongo. Mimi nilipiga mara 11, kwa mlango ambao sikuugusa kwa miaka, nikiwa nimeshika albamu mkononi kama mtu aliyekuja kurudisha kitu alichoazima. Na mwenye nyumba aliponichungulia, akajibu kwa upole tu kwamba iko poa, nikanuna.

Sikuwa nauza Slint. Sikujua tu namna nyingine ya kubisha.

## Pazia

Ningeweza kuishia hapo, na makala hii ingetoka wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimeshaiandika karibu yote. Halafu usiku wa Alhamisi, saa sita kasoro, simu ikalia.

"Kaka, hivi yule mtoto alishusha pazia kwa nini?"

Niliisoma mara tatu. Mwezi na nusu umepita. Hakunitumia salamu wala kichekesho, kanitumia swali, la wimbo wa sita.

Nikajibu kama mtaalamu. Nikamwambia mtoto aliogopa. Ni mtu mgeni aliyetoka kwenye dhoruba, mtoto yeyote angeogopa. Nikaongeza maneno fulani kuhusu woga na upweke ambayo nashukuru siyakumbuki.

"Hapana," akaandika. "Alimtambua. Sikiliza tena."

Nimeisikiliza albamu hii, bila kutia chumvi, mara mamia. Nikavaa hedifoni. Nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho, jambo ambalo nilimkataza yeye. Gitaa, besi, yule msimulizi na sauti yake ya chumba cha pili. Nahodha mlangoni. Mkono wa mtoto dirishani. Na pale, chini kabisa, kabla tu ya pazia, maneno ambayo sijawahi kuyasikia maishani mwangu: uso wa mtoto unapauka, kwa sababu ile sauti anaijua.

Mstari upo. Umekuwepo tangu 1991. Miaka yote nilikuwa naupita mstari huo mbio, nikiwahi mayowe.

Nikamwandikia kwamba ana haki, nilikuwa sijausikia. Tiki zikageuka buluu papo hapo. Akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena.

"Na pale mwisho anapopiga kelele anasema amekuwa mrefu sasa. Nahodha ni mtu mzima kaka, hawezi kurefuka. Anayelia pale ni mtoto."

Sijui kama ndivyo walivyokusudia. Sijawahi kusoma mtu akisema hivyo, na nimesoma mengi kupita kiasi. Siku nyingine ningebisha. Ningemwambia sauti ni ileile, msimulizi ni yuleyule, na kadhalika na kadhalika. Nilishaanza hata kuandika, aya tatu, zipo tayari kutumwa.

Nilipoondoka nyumbani alikuwa ananifikia kiwikoni. Mara ya mwisho tulipoonana, kwenye harusi, ilibidi ainame kidogo kunisalimia, na wote wawili tukajifanya hatujaona.

Nikazifuta aya zote tatu. Nikampigia. Tuliongea mpaka chaji yake ikaisha, na hakuna aliyeitaja ile albamu.